Nusu Mfuko wa Simenti ya Bibi

Nimekuwa kimya kidogo, na safari hii sisingizii umeme wala wingi wa kazi. Nilikuwa nyumbani Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na huko nilikwenda kukagua matokeo ya hukumu niliyoitoa mwenyewe miezi kadhaa iliyopita. Hukumu ilikuwa mbovu. Leo naomba niwasimulie nilivyochemsha, halafu nitoe hoja yangu, kwa sababu nahisi wengi wetu huku mjini tunatoa hukumu za aina ile ile kila siku bila hata kuitwa kwenye kikao.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama yangu mdogo aliuza pamba, akanunua mifuko minane ya simenti ili nyumba ya bibi ipigwe sakafu. Bibi ameishi maisha yake yote juu ya sakafu ya udongo uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Sakafu ile si mbaya kama mnavyodhani, ina ubaridi wake mzuri, lakini inataka kusiribwa tena na tena, na magoti ya bibi yamegoma kuinama. Basi mifuko ikapangwa juu ya mbao pembeni ya ghala, ikafunikwa turubai, fundi akawa anasubiriwa.

Siku moja mama mdogo akafunua turubai, akakuta mfuko mmoja umepasuliwa na nusu yake haipo. Kutafuta, kutafuta, nyuma ya zizi la ng'ombe wakaona ilikoishia. Vyungu vya maua! Pembeni yake vikombe vya zege ambavyo havinyweki chai, bakuli la zege, na mkono wa mtu wa zege umechomoza ardhini kama maiti anayeomba lifti.

Mtuhumiwa hakuhitaji kutafutwa. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa ya kumpeleka mbele. Saruji ilikuwa bado imemganda kwenye kucha.

Mjomba akaitisha kikao, na kwa bahati mbaya mimi nilikuwa nimefika likizo. Mjomba hakuzunguka. "Bibi yako analala kwenye vumbi, wewe unamfinyangia maua ya simenti?" Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye tuliyemsomesha. Sema."

Nikasema. Nikaongea Kiswahili cha tahariri, mnakijua. Nikasema urembo ni wa watu waliokwisha kumaliza mahitaji yao. Nikasema Sola hakuna soko la vyungu vya maua. Nikasema kijana mwenye akili asipoteze muda kwa michezo, aje Mwanza atafute kazi yoyote, hata ya dukani. Mwisho nikashusha adhabu: fundi akija, mtuhumiwa atamfanyia kibarua bila malipo hadi nusu mfuko ilipike. Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu.

"Kaka, kwani umeviona?"

Sikuwa nimeviona. Mimi ambaye chuoni nilifundishwa kwamba mwandishi anakwenda eneo la tukio kabla ya kushika kalamu, nilikuwa nimehukumu nikiwa nimekaa kwenye kiti, hatua arobaini kutoka kwenye zizi.

Asubuhi yake, baada ya kumwamkia bibi "Mwangaluka", nikaenda nyuma ya zizi. Nilikaa huko hadi jua lilipokuwa kali.

Naomba niwaeleze alichokuwa anafanya, maana si uchawi na kila mmoja wenu ana vifaa vyake jikoni. Chukua ndoo ndogo ya rangi iliyokwisha. Ndani yake tia kopo dogo zaidi, la mtindi kwa mfano, ulijaze mchanga lisielee. Nafasi inayobaki kati ya ndoo na kopo ndiyo chungu chako cha kesho. Unaimiminia mota, unaigongagonga ndoo ubavuni ili mapovu ya hewa yapande juu, unaacha. Kesho au keshokutwa unatoa kopo, unageuza ndoo, chungu kinatoka. Ndoo ndiyo kalibu, au moldi kama mafundi wanavyosema, na hujainunua.

Ukishalielewa hilo, nyumba nzima inageuka kuwa ghala la moldi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikikatwa katikati inatoa kishikio cha mshumaa chenye miraba ile ile ya chupa. Bakuli la plastiki linatoa bakuli. Glavu ya mpira ikijazwa mota na kuning'inizwa inatoa mkono, na hapo ndipo alipopatikana yule maiti wetu. Taulo kuukuu likichovywa kwenye uji wa saruji na kutandazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa linaganda na mikunjo yake, ukiligeuza una chungu kinachofanana na gauni. Jani la boga likilazwa kwenye mchanga na kupakwa mota linaacha kila mshipa wake.

Lakini kilichonishika mimi kilikuwa kigae kimoja cha mraba. Kilikuwa na nakshi za nyuzi, vitundu na maua, kama kimefumwa. Nikamwuliza kakifanyaje. Akacheka. Alichukua kitambaa cha kochi alichofuma mama yake kwa sindano, akakitandika chini ya moldi, akamimina juu yake. Kitambaa kikatoka, ufumaji ukabaki kwenye zege. Jamani, kazi ile ya mikono ya mama mdogo, ambayo kila mgeni huikalia bila kuitazama, kwa mara ya kwanza niliiona.

Sasa msidhani kijana ni bingwa. Nusu ya vitu vyake vilikuwa vimeharibika, na alinionyesha vilivyoharibika kwa hamu kuliko vilivyokuwa vizima. Hapo ndipo nilipoanza kujiona mjinga.

Kwanza, sufuria. Alianza kwa kumimina mota kwenye sufuria ya alumini ya mama yake. Ikaanza kutoa viputo, zege ikang'ang'ania, sufuria ikatoka na mabaka meusi na vishimo, haifai tena. Yeye alidhani sufuria ni mbovu. Nikaenda kusoma. Saruji ikiwa mbichi ni kali, ni ya upande wa magadi na chokaa, na ukali huo unaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Viwandani jambo hilo hilo hufanywa kwa makusudi: unga wa alumini unatiwa kwenye mchanganyiko ili uumuke na kutoa matofali mepesi yenye vitundu. Kwa maneno mengine, mtoto wa Sola aliharibu sufuria ya ugali na kugundua kanuni ya tofali la kiwandani. Tatizo hakuwa na mtu wa kumwambia jina lake.

Pili, maji. Vyungu vya mwanzo alivichanganya vikawa uji, kwa sababu uji unamiminika vizuri. Vikatoka laini kwa sura, lakini ukivikwaruza kwa kucha vinatoa unga. Maji yaliyozidi hayana kazi ya kufanya humo ndani. Yanakaa, baadaye yanatoka, yanaacha vitundu visivyoonekana. Kadiri alivyopunguza maji na kuongeza kugonga, ndivyo vyungu vilivyozidi kuwa kama jiwe. Alifika mwenyewe kwenye kipimo ambacho mafundi wazuri wanacho, cha maji yenye uzito wa karibu nusu ya uzito wa saruji.

Tatu, mchanga. Mchanga wa korongo uliokuwa na udongo mwingi ulimpa vyungu vinavyomomonyoka. Akajifunza kuutia kwenye chupa na maji, kutikisa, kuacha utulie, kisha kuangalia tabaka la matope lililokaa juu. Tabaka likiwa nene, mchanga unaoshwa au unaachwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, jua. Alikuwa anavitoa vyungu kwenye moldi na kuvianika juani "vikauke", kama anavyoanika nguo. Vikapasuka. Kimoja alikisahau chini ya gunia lililolowa maji karibu na birika la ng'ombe, akakikuta baada ya wiki. Hicho alikiangusha kwa makusudi. Hakikuvunjika.

Zege haikauki, wadau. Inagumu. Saruji inaungana na maji na kuwa kitu kipya, na kazi hiyo inaendelea siku nyingi baada ya wewe kuondoka. Wahandisi huipima zege ikiwa na siku 28. Ikitunzwa na unyevu, kwa wiki ya kwanza hupata kiasi cha theluthi mbili ya nguvu hiyo. Ukiinyima maji siku ya pili, umeikatiza katikati ya sentensi, na ngozi yake ya juu inabaki kuwa unga.

Nikarudi Mwanza na aibu yangu, lakini hukumu sikuifuta. Nani anafuta hukumu mbele ya mjomba?

Fundi akaja mwezi wa nane. Mdogo wangu akatumikia adhabu yake, akachanganya zege na kubeba ndoo bila kulalamika. Siku ya kwanza akaukataa mchanga uliokuwa umeletwa, akaufanyia jaribio la chupa mbele ya fundi. Fundi akacheka. Kila fundi alipoagiza maji yaongezwe ili zege iteleze, kijana akawa anaongeza kidogo kuliko alivyoambiwa. Sakafu ikaisha, ikapigwa niru, fundi akachukua chake akaondoka. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi inapoishia. Watu wanarudisha vitanda kesho yake.

Kijana hakukubali. Akatafuta magunia mabovu, akayalowesha, akafunika sakafu nzima, na kwa siku saba akawa anabeba maji kwa baiskeli asubuhi na jioni kuyamwagia. Mnajua thamani ya ndoo ya maji Sola wakati wa kiangazi? Majirani wakaja kuangalia. Mmoja akauliza kama sakafu ni mchicha, mbona inamwagiliwa! Mama mdogo alinipigia simu, hajui acheke au anipe taarifa ya ugonjwa. Bibi alilala jikoni wiki nzima bila kunung'unika. Nadhani alikuwa anafurahia sinema.

Juzi nimekwenda kuiona sakafu hiyo. Nimeikwaruza kwa ufunguo, haitoi kitu. Kisha nikaenda kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka pale. Fundi yule yule, mwezi ule ule, mchanga wa korongo lile lile. Sakafu yake ukifagia asubuhi unaokota unga wa kijivu, na mlangoni imeanza kubomoka vipande. Tofauti kati ya sakafu hizi mbili siwezi kuitafuta kwenye fedha. Iko nyuma ya zizi, kwenye vyungu vilivyopasuka.

Hoja yangu basi ni hii. Tumezoea kusema urembo unakuja mwisho, baada ya sakafu, baada ya ada, baada ya kila kitu. Mimi nasema kwa mtu asiye na maabara, kitu cha urembo ndicho maabara. Chungu cha maua kikipasuka hakuna anayekosa pa kulala. Unajifunza, unakanyaga vipande, unamimina kingine. Sakafu ya bibi haina nafasi hiyo. Inamiminwa mara moja kwa fedha ya pamba ya mwaka mzima, ikiharibika imeharibika. Yule anayemnyima kijana nusu mfuko wa kuchezea anadhani ameokoa nusu mfuko. Kumbe anaiweka mifuko minane mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuharibu kitu kidogo wakajua kwa nini.

Na si Sola tu ambako chungu cha maua kilitangulia sakafu. Huko Ufaransa alikuwepo mtunza bustani aitwaye Joseph Monier. Alichoshwa na vyungu vya udongo kuvunjika na vya mbao kuoza, akaanza kutengeneza vyungu vya saruji vyenye waya wa chuma ndani. Mwaka 1867 alipata hataza ya makasha ya kupandia maua ya aina hiyo. Kutoka kwenye makasha akaenda kwenye mabomba na matangi, kisha madaraja, na mwaka 1875 daraja la zege lenye chuma lilijengwa huko Chazelet kwa mfumo wake. Yeye ni mmoja wa watu waliotangulia kuifungua njia ya kile tunachokiita leo zege ya nondo. Ghorofa mnazopanda kila asubuhi kwenda kazini zina ukoo na chungu cha maua. Fikiria Monier angekuwa na mjomba kama wangu, na mjukuu msomi wa kumsaidia mjomba!

Mtu ataniambia hiyo ni Ulaya, watu wenye bustani. Haya, turudi kwetu. Nendeni Kunduchi, pale Dar es Salaam, kwenye makaburi ya kale. Wajenzi wa pwani walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, kazi ya jasho na kuni nyingi. Bado walichukua bakuli na sahani za kauri zilizotoka ng'ambo, vyombo vya mezani, wakazipachika kwenye chokaa ya nguzo za makaburi. Sahani nyingi zimeng'olewa, pamebaki mashimo ya duara yenye umbo lake. Kilwa Kisiwani, kwenye ule msikiti mdogo wa kuba, mabakuli yalipachikwa hadi kwenye dari. Watu wale hawakusubiri kumaliza mahitaji. Na huku kwetu Usukumani, kwenye makumbusho ya Bujora pale Kisesa, kuna banda la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Chombo cha kukalia kimegeuzwa jengo. Kwa hiyo anayesema kuchezea vyombo vya nyumbani kwenye ujenzi ni ugeni, historia haimuungi mkono.

Hata karibu zaidi, hapo hapo Maswa. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ulipokuwa chini ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka ulipiga kampeni ya kila wilaya kuwa na bidhaa yake. Meatu wakatoa maziwa, Maswa wakatoa chaki. Chaki inatengenezwaje? Unachanganya jasi na maji, unamimina kwenye moldi, unasubiri, unatoa. Kazi ni ya ukoo mmoja na ile ya nyuma ya zizi. Vijana walipotoa chaki, viongozi walikwenda kupiga nao picha, na sisi waandishi tukaandika "kiwanda". Kijana mmoja akitoa kikombe cha zege tunaandika "utoto". Naomba mnieleze tofauti ni nini, zaidi ya bango na mgeni rasmi.

Sasa niwe mkweli, maana najua mtaniuliza kuhusu mkwanja. Mdogo wangu hajatajirika. Vyungu sita vimeuzwa mjini Maswa, vitatu kwa mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni. Kigae cha kitambaa kila mtu anakisifia, hakuna aliyekinunua. Nilipokiambia kikao kwamba Sola hakuna soko la vyungu vya maua, kwa kiasi kikubwa nilikuwa sahihi. Mfuko ukichanganywa moja kwa tatu unatoa takriban lita 100 za mota, yaani vyungu ishirini vya lita tano tano, na chungu cha aina hiyo kina zaidi ya kilo kumi. Huwezi kukipakia kwenye pikipiki kwa wingi ukakifikisha Mwanza kizima na bado upate faida. Saruji yenyewe, kama imetoka Wazo Hill, imesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Maswa, na kila kilomita iko kwenye bei.

Kilichouzika hakuna aliyekipanga. Lile bakuli la zege la siku ya kesi, bibi aliliomba, akaliweka uani awanyweshee kuku. Kuku kwa miaka wamekuwa wakipindua bakuli za plastiki na kumwaga maji. Hili hawaliwezi. Jirani akaliona, akaagiza. Mwingine akaagiza mawili. Sasa kijana ana moldi ya beseni na ndoo, na wiki isiyopita mtu bila kuulizia chombo cha kuku ni chache. Angeanza kwa kuuliza "soko linataka nini?", asingefika pale. Hakuna mtu Sola aliyekuwa anajua kwamba anataka bakuli la zege. Lilikuja kwanza kama pambo lisilo na kazi, kazi ikalikuta likiwa limekaa.

Kwa hiyo sitoi hoja kwamba vijana wote sasa wakafinyange zege, tafadhali msininukuu hivyo. Nimechoka na hizo hotuba za "vijana jiajirini" zinazotolewa na watu walioajiriwa. Hoja yangu ni ndogo na inawahusu zaidi ninyi wenye kauli kwenye familia zenu, ambao simu zenu zinapigwa kunapokuwa na kikao. Mdogo wako akishikwa anaharibu kitu ili aone kinavyofanya kazi, kabla ya kuuliza "kitauzwa wapi?", nenda nyuma ya zizi ukaangalie. Ukikuta vitu kumi vilivyoharibika kwa namna moja, mkemee, huyo hajifunzi. Ukikuta vitu kumi vilivyoharibika kwa namna kumi tofauti, huyo ana shule. Mtafutie nusu mfuko.

Na kama wewe mwenyewe umevutiwa na una kibaraza hapo Sinza au Nyegezi, anza. Saruji kipimo kimoja, mchanga safi uliochekechwa vipimo viwili au vitatu, maji kwa kubania. Paka moldi mafuta ili isishike. Sisi tunatumia mafuta ya pamba, ndiyo mafuta ya nyumbani, wewe tumia uliyonayo. Plastiki ndiyo rafiki, alumini ni adui. Chombo kilichomiminiwa saruji kisirudi jikoni. Vaa glavu na ujifunge kitambaa puani wakati wa kuchanganya. Ule ukali ulioila sufuria hauchagui, unakula na ngozi, na mdogo wangu ana kovu kwenye kifundo cha mkono la kuthibitisha. Vumbi lake nalo si la kuvuta. Halafu funika kazi yako na gunia bichi wiki nzima, hata majirani wakicheka. Hasa wakicheka.

Namalizia na deni. Ile nusu mfuko ilileta kasoro kwenye hesabu ya fundi, mama mdogo akalazimika kukopa mfuko wa tisa dukani. Juzi nikienda Sola nimepitia hapo hapo dukani, nikalipa mfuko huo, nikaongeza wa kwangu mmoja, nikaupakia kwenye baiskeli. Mdogo wangu akaniuliza wa nini. Nikamwambia ni faini. Mjomba alikuwepo, akauliza faini ya nini tena, na nani kahukumu.

Sikumjibu. Nilikaa kwenye sakafu ya bibi, nimevua viatu, nikaomba chai.

Nawasilisha.